Tajiri mweusi akishafika juu, anadaiwa nini na kwao? (Jay-Z, mzee Belafonte na wengineo)

Mtoto_wa_Ilala:

Wakuu salaam.

Naomba hili tulijadili taratibu maana kijiweni kila likianza linaishia kupigiana kelele. Mwaka 2012 mzee Harry Belafonte, yule mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, akiwa na miaka 85, alihojiwa na jarida moja la Hollywood akasema mastaa weusi wa siku hizi wameupa mgongo wajibu wao kwa jamii, na hakuzunguka mbuyu, akawataja Jay-Z na Beyoncé kwa majina. Ilimuuma sana Jay-Z. Mwaka uliofuata akamjibu ndani ya wimbo, halafu kwenye mahojiano akasema uwepo wake tu ni sadaka, kama ulivyo wa Obama. Yaani mtoto wa Marcy, zile nyumba za serikali kule Brooklyn alikokulia, akimwona mtu wa mtaani kwake kafika pale, tayari kashapewa kitu.

Mimi hiyo kauli haijawahi kunikaa vizuri na nitasema kwa nini.

Belafonte hakuwa mzee wa kulalamika tu. Albamu yake ya 1956 iliuza zaidi ya nakala milioni moja enzi ambazo hicho kitu hakijazoeleka, alikuwa na hela za kweli, za Las Vegas, za filamu, za televisheni. Na hizo hela zilikuwa zinatoka. Martin Luther King aliishi kwa mshahara wa mchungaji, familia yake ilikuwa inaegemea msaada wa Belafonte. Birmingham 1963 waandamanaji walipojazwa jela alichangisha dola 50,000 za kuwatoa. Ila linalonigusa mimi kuliko yote ni la Agosti 1964. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi cha kupigania haki za weusi, walikuwa Mississippi wanaandikisha watu weusi kupiga kura, wenzao watatu wameshauawa, hela imewaishia, na wakiondoka muda ule itaonekana wametimuliwa. Belafonte akakusanya dola 70,000 taslimu, akazitia kwenye begi la daktari, akamwomba rafiki yake Sidney Poitier, yule mwigizaji, amsindikize, wakatua Greenwood usiku kwa kindege kidogo, na njiani kutoka uwanjani gari la watu wa Ku Klux Klan, lile genge la wazungu wabaguzi, likawa linawagonga kwa nyuma. Kumbukeni Poitier alikuwa ametoka kuchukua Oscar mwezi wa nne mwaka uleule. Mastaa weusi wawili wakubwa kabisa Marekani, ndani ya gari moja, usiku wa Mississippi, na begi la hela miguuni.

Na mkono wa huyu mzee ulifika mpaka huku kwetu. 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani kuwatafutia vijana nafasi za vyuo, skolashipu zikapatikana ila nauli ya ndege hamna. Barua ya kuomba michango ilisainiwa na Belafonte, Poitier na Jackie Robinson yule wa besiboli. Septemba 1959 ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mpaka 1963 walishafika kama 800, wengi Wakenya lakini na Watanganyika na Waganda wamo. Wangari Maathai alikwenda na kundi la 1960. Kwa hiyo ninapomsikia Belafonte anamuuliza mtu umewafanyia nini watu wako, naona ana haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote.

Sasa njoo kwa Jay-Z. Uwanja wa Barclays Center ulifunguliwa Septemba 2012 palepale Brooklyn, Atlantic Avenue na Flatbush, na yeye ndiye aliyeufungua kwa shoo nane mfululizo. Sura ya mradi mzima ilikuwa yeye, kijana wa nyumbani karudi na timu ya NBA. Lakini hisa zake kwenye timu ya Nets zilikuwa sehemu moja ya kumi na tano ya asilimia moja. Hebu ipigieni hesabu hiyo. Mwenye mradi alikuwa mjenzi Bruce Ratner, na ili uwanja upate nafasi serikali ya jimbo ilitwaa ardhi kwa kile wanachoita manufaa ya umma, watu wakahamishwa kwenye nyumba zao, kesi zikaenda miaka na miaka. Waliahidiwa nyumba 2,250 za bei ambayo watu wa kawaida wataimudu. Siku Jay-Z anapanda stejini hakuna hata moja iliyokuwa imekamilika. Uwanja upo, taa zinawaka, nyumba hazipo. 2013 akauza zile hisa akahamia biashara ya uwakala wa wachezaji.

Simchukii, mziki wake nimekua nao. Ila mtu mweusi akitajirika kwa kipaji chake na jasho lake, anadaiwa nini na alikotoka? Na kutoa kupi ndiko kunakohesabika?

Bi_Likoni:

Ndugu yangu wa Ilala nimekusoma mwanzo mwisho, na mzee Belafonte simgusi, alitutoka 2023 Mungu ampumzishe. Lakini hebu tuwe waadilifu. Ratner ndiye aliyepewa ardhi, wanasiasa ndio waliomsainia, mahakama ndizo zilizosema sawa, halafu mwenye hicho kijipande cha hisa ambacho hata hakionekani ndiye abebe lawama zote kwa sababu uso wake unajulikana? Hapo ndipo ninapokasirika. Bilionea mzungu akijenga uwanja anaulizwa faida. Mweusi akijenga anaulizwa faida na anaulizwa na ukoo wake wote pia.

Halafu tusisahau enzi za Belafonte msanii mweusi alikuwa anaimba, mwenye lebo mzungu, mwenye ukumbi mzungu, mwenye hoteli ambayo anaimba ndani yake na haruhusiwi kulala, mzungu. Jay-Z 2019 Forbes wakamtaja rapa wa kwanza kuwa bilionea, na zile hela hazikutoka kwenye kuimba peke yake, ni pombe za bei kubwa, ni kampuni ya Roc Nation, ni hisa huku na huku. Kuna vijana weusi wanasheria, wahasibu, mameneja, wamepata kazi kwenye makampuni ambayo bosi wake anafanana nao. Na hilo nalo mlihesabu.

Na kuna jambo watu hawalizungumzi kabisa. Rapa Meek Mill wa Philadelphia alihukumiwa Novemba 2017 miaka miwili hadi minne jela, si kwa kosa jipya la maana, ni kwa kukiuka masharti ya uangalizi wa kesi aliyofanya akiwa kijana mdogo, mtu anavutwa na mahakama zaidi ya miaka kumi. Kule Marekani ukishawekwa chini ya uangalizi unaweza kurudishwa ndani kwa kuchelewa kuripoti, kwa kusafiri bila ruhusa, na wanaoumizwa zaidi ni weusi. Alipotoka 2018 wakakaa chini yeye na Jay-Z na matajiri wengine, Januari 2019 wakaanzisha REFORM Alliance, na hao hawagawi madaftari mbele ya kamera, wanakwenda kwenye mabunge ya majimbo kubadili sheria. California 2020 sheria ilibadilishwa, uangalizi wa makosa madogo ukashuka hadi mwaka mmoja na wa makosa mengi makubwa hadi miaka miwili, zamani ulikuwa unafika mitano. REFORM walikuwa miongoni mwa walioisukuma. Mama ambaye mwanawe amemalizana na korti miaka mitatu mapema, mwambie Jay-Z hajafanya kitu uone atakujibu nini.

Mswahili_LA:

Mimi niko Los Angeles kwa hiyo niruhusuni nimlete mtu wa huku, Nipsey Hussle, kwa sababu naona mnabishana kati ya kutoa na kuwekeza kama vile ni vitu viwili vinavyogombana na yule kijana alikuwa anavifanya kwa mpigo mmoja.

Jina lake la kweli Ermias Asghedom, baba yake Mueritrea, mama Mmarekani mweusi. Kona ya Crenshaw na Slauson, hapo kuna kiplaza cha maduka cha kawaida kabisa, parking mbele, maduka yamepangana, alianza kwa kuuza CD zake kwenye buti la gari akiwa kijana, polisi wanamfukuza. Baadaye akapanga duka hapohapo, 2017 akafungua The Marathon Clothing, na mwanzoni mwa 2019 yeye na mshirika wake wakainunua plaza yenyewe. Mpango wake ulikuwa kujenga ghorofa pale, chini maduka, juu nyumba. Mwaka 2018 huko jirani walikuwa wameshafungua Vector90, kuna sehemu ya kufanyia kazi kwa wenye biashara ndogo, na sehemu ya watoto kujifunza sayansi na teknolojia. Kitu cha muhimu alichokuwa anakisema kila mara ni umiliki, usiwe mpangaji kwenye mtaa wako mwenyewe. Na aliajiri watu wa pale ambao wametoka jela na hakuna anayewataka.

Tarehe 31 Machi 2019 akapigwa risasi hapohapo kwenye parking ya duka lake. Kesho yake, Aprili mosi, ilikuwa wakae yeye na watu wa Roc Nation na mkuu wa polisi wa LA kuongelea namna ya kuzuia vijana wasiingie kwenye magenge. Mkuu wa polisi na mjumbe wa tume ya polisi wenyewe ndio waliolisema hili hadharani baada ya kifo. Mimi nikipita pale mpaka leo naona michoro yake kwenye kuta za mtaa mzima, na si kwa sababu alikuwa tajiri sana, wapo matajiri kumzidi mara mia moja hakuna anayewachora.

Sasa ndugu wa Ilala sikiliza hili maana linakuhusu. Mwezi wa nne 2019 Jay-Z akapiga shoo New York akachana fristaili ya kumuenzi Nipsey, na ndani yake anawaambia watu weusi wanunue mitaa yao kabla wengine hawajaja kuinunua, na anaitaja hiyohiyo sheria ya serikali kutwaa ardhi. Watu wa Brooklyn wakakumbushia Barclays palepale. Kwa hiyo somo analijua. Tofauti ni kwamba Nipsey alinunua kona ambayo bado alikuwa anakula na kunyolewa nywele hapo. Na huyohuyo Jay-Z, tumpe haki yake, 2013 Nipsey alipotoa mixtape anaiuza dola 100 kila nakala, nakala elfu moja tu, Jay-Z alinunua 100.

Na kabla ya Nipsey alikuwepo Magic Johnson, yule staa wa mpira wa kikapu. 1995 akafungua majumba ya sinema Baldwin Hills, sehemu ya weusi ambayo makampuni makubwa yalikuwa yanaikwepa, 1998 akaingia ubia na Starbucks kufungua migahawa kwenye mitaa ya weusi na Walatino, akawaambia ondoeni hivyo vikeki watu wetu hawali wekeni pai ya viazi vitamu. Ilipofika 2010 akawauzia Starbucks hisa zake za migahawa zaidi ya mia moja. Alipata faida kubwa na mtaa ukapata kahawa na ajira, ila mwisho wa siku umiliki ulirudi kwa kampuni. Sisemi kakosea. Biashara ndivyo ilivyo. Nasema tu tuangalie kinachobaki mtu akishaondoka.

Mkaguzi_wa_Mahesabu:

Ongezeni na kodi wakuu. Mei 2019 Robert F. Smith, ambaye Forbes walikuwa wanamtaja mweusi tajiri kuliko wote Marekani, alisimama kwenye mahafali ya chuo cha Morehouse akatangaza atawalipia madeni ya masomo wahitimu wote, karibu 400, ikaja kuwa dola milioni 34. Dunia nzima ikashangilia na mimi nilishangilia. Oktoba 2020 akakiri kwa serikali kwamba alikwepa kodi kwa miaka mingi kwa kuficha mapato nje ya nchi, akakubali kulipa dola milioni 139. Wale vijana madeni yao yalifutwa kweli na hakuna wa kuwanyang'anya hiyo furaha. Ila kodi ndiyo inayolipa shule za umma na hospitali za watu ambao hawakubahatika kukaa kwenye ukumbi ule siku ile. Mimi tajiri yeyote, mweusi mweupe, naanzia hapo kwanza, amelipa kodi yake? Zawadi baadaye.

Papa_Kasai:

Ndugu zangu, mnasahau Mutombo?

Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa 1987 kwenda Georgetown kwa skolashipu, alitaka kuwa daktari, mpira wa kikapu ukamchukua. Mama yake Biamba Marie alifariki 1997, nchi ilikuwa kwenye vurugu, hawakuweza kumfikisha hospitali. Mtoto wake ni staa wa NBA mwenye mamilioni na mama anafia nyumbani kwa sababu barabara haipitiki. Basi akajenga hospitali ya vitanda 300 Kinshasa kwa jina la mama, gharama ilikwenda dola milioni 29 na zaidi ya nusu ni zake yeye, ikaanza kupokea wagonjwa 2007. Hakuwa na faida yoyote ya biashara pale. Congo si soko la kuuza viatu vyake. Alikufa Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo na hospitali inafanya kazi.

Nyie mnauliza anadaiwa nini. Yeye alijiuliza mama yangu alikosa nini.

Mama_Wawili_Ohio:

Habari zenu wapendwa. Mimi naishi Ohio na nina watoto shule za umma za huku kwa hiyo ya LeBron James nayafuatilia kwa karibu kidogo, acheni niwaeleze maana watu wengi wanajua picha tu za siku ya ufunguzi.

LeBron kwao ni Akron. Alipokuwa darasa la nne alikosa shule siku 83 kwa sababu mama yake alikuwa hana pa kukaa pa kudumu, wanahama leo huku kesho kule. Julai 2018 shule ya I Promise ikafunguliwa na watoto 240 wa darasa la tatu na la nne, na hawakuchagua watoto wenye akili, walichagua wale waliobaki nyuma kwenye kusoma. Kila mtoto alipewa baiskeli na helmeti kwa sababu LeBron mwenyewe utotoni baiskeli ndiyo ilikuwa uhuru wake. Chakula cha asubuhi, cha mchana, vitafunio. Kuna stoo ya chakula ambayo mzazi anaingia anachukua cha kwenda kupika nyumbani, anachagua mwenyewe kwenye shelfu kama yuko dukani, hapewi mfuko uliofungwa. Mzazi ambaye hakumaliza sekondari anasaidiwa kufanya mtihani apate cheti. Wakimaliza wanalipiwa karo Chuo Kikuu cha Akron. Na siku ya shule ni ndefu kuliko kawaida.

Sasa mambo mawili ambayo hayasemwi. La kwanza, ile ni shule ya umma, sehemu kubwa ya bajeti inatoka wilaya ya shule za Akron yaani kodi za watu, taasisi ya LeBron ndiyo inaongeza vile vya ziada ambavyo nimevitaja. Mimi naona hiyo ni sifa si aibu, hakujenga shule ya binafsi ya kuwachuja watoto, ameingia ndani ya mfumo uliopo na shida zake zote. La pili ni gumu. Mwaka wa kwanza magazeti yalisifia maendeleo ya watoto. 2023 bodi ya shule ikaja kutoa takwimu, lile kundi lililoanza darasa la tatu sasa linaingia la nane na kwa miaka mitatu hakuna hata mtoto mmoja aliyefaulu mtihani wa hesabu wa jimbo. Hata mmoja! Watu wakacheka mitandaoni, walewale waliokuwa wanasema LeBron anyamaze acheze mpira. Corona ilikuwepo katikati hapo, na hao ndio watoto waliokuwa nyuma tangu mwanzo, lakini bado ni jambo la kuumiza.

Mimi kama mzazi nililia kidogo nilivyosoma ile habari, halafu nikawaza, hii ndiyo kazi yenyewe. Kukata utepe ni asubuhi moja. Umaskini umemkalia mtoto tangu tumboni, huwezi kuuondoa kwa baiskeli na jina kubwa. Taasisi ilijibu kwamba ahadi yao ni ya miaka mingi na wanaendelea. Hapo ndipo ninapompimia LeBron, na si kwenye hundi. 2022 Forbes wamemweka bilionea akiwa bado anacheza. Pesa ipo. Je atabaki pale wakati habari si nzuri?

Na nisiwe nimempamba sana, Oktoba 2019 kiongozi mmoja wa timu ya Houston aliposema neno la kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong, LeBron alisema jamaa hakuwa na uelewa wa jambo lenyewe. Viatu vinauzwa China. Huyo ndiye mtu aliyesema mambo ya maana sana kuhusu polisi kuua watu weusi. Mtu mmoja anaweza kuwa jasiri kwao na mwoga mbali na kwao pale biashara ilipo, na watoto wa Akron hawajui lolote la Hong Kong, wanajua stoo ya chakula iko wazi.

Mtoto_wa_Ilala:

Nawashukuru sana, hasa dada wa Ohio na Papa Kasai, mmeniongezea vitu.

Bi Likoni ya REFORM nimeipokea na ni kazi kubwa, sheria ikibadilika inamfikia hata ambaye hajawahi kumsikia Jay-Z. Lakini niseme kinachonisumbua hasa. Colin Kaepernick, mchezaji wa NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, 2016 alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga polisi kuua weusi, msimu ukaisha, hakupata tena timu NFL mpaka leo. Akiwa hana kazi akamalizia ahadi yake ya kutoa dola milioni moja kwa vikundi vya mitaani, akamaliza Januari 2018. Agosti 2019 Jay-Z anakaa meza moja na kamishna wa NFL kutangaza dili, Roc Nation iwashauri kwenye mambo ya burudani pamoja na shoo ya mapumziko ya Super Bowl, yaani fainali yao, na anasema tumeshapita hatua ya kupiga magoti. Tumeshapita sisi na nani? Aliyepiga goti yuko nyumbani!

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati yake na Belafonte. Hela wote wametoa, huenda Jay-Z ametoa nyingi zaidi. Belafonte alitoa kitu ambacho kingeweza kumrudia vibaya, jina lake, mikataba yake, hata maisha yake kule Greenwood. Jay-Z kila anachotoa kinarudi kikiwa na faida. 2013 duka la Barneys la New York lilituhumiwa, kijana mweusi kanunua mkanda wa dola 350 kwa hela yake halali akakamatwa na polisi nje, na Jay-Z alikuwa na mkataba wa kuuza bidhaa na duka hilohilo. Watu wakamwomba ajitoe. Akabaki, akasema mapato yote ya zile bidhaa yaende kwenye taasisi yake ya kusomesha watoto. Watoto wamesoma, sawa. Lakini angeondoka tu siku ile, kijana wa mkanda angejua kuna mtu yuko upande wake.

Hata Michael Jordan namweka hapo. 1990 Harvey Gantt, mweusi, anagombea useneta North Carolina dhidi ya Jesse Helms ambaye alipinga haki za weusi maisha yake yote, watu wakamwomba Jordan amuunge mkono hadharani, akakataa, na ndipo ikatoka ile kauli yake kwamba hata Warepublican wananunua raba. Gantt akashindwa. Miaka 30 baadaye, 2020, Jordan na chapa yake wakatangaza dola milioni 100 kwa miaka 10 kwa ajili ya haki za weusi, na amejenga kliniki Charlotte na kwao Wilmington. Nazishukuru kliniki. Ila 1990 alihitajika kusimama tu, bila hata senti.

Bi_Likoni:

Sawa, nimekuelewa, na hoja ya Barneys siwezi kuipinga, pale alipaswa kuondoka.

Lakini hili la kupima mtu kwa alichokuwa tayari kukipoteza lina upande wake wa pili na nataka ulione. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi, mwalimu wa Belafonte mwenyewe kwenye haya mambo, alisema ukweli wote bila kupunguza, 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti akakaa bila pasipoti mpaka 1958, kumbi zikamfungia, kipato kikaanguka, afya ikaharibika. Wakati anapigwa, wangapi walisimama naye? 1949 Jackie Robinson, huyohuyo aliyesaini barua ya ndege za Mboya, alikwenda kutoa ushahidi kwenye kamati ya bunge akampinga Robeson, na miaka ya baadaye akaandika kwamba angepata nafasi tena asingeenda. Na Kaepernick unayemtaja, watu weusi mamilioni waliendelea kuangalia NFL kila Jumapili. Mimi sitaki kumwambia mtoto wa mtu apoteze kila kitu kwa ajili yetu wakati sisi tunaoshangilia hatuko tayari kupoteza mechi moja.

Ndiyo maana namheshimu Robinson kwa jambo jingine. Alipostaafu mpira aliingia kwenye biashara, na 1964 akashiriki kuanzisha Freedom National Bank pale Harlem kwa sababu mabenki mengine hayakutaka kuwakopesha weusi nyumba wala mtaji. Watu wa Harlem waliweka akiba zao pale. Hakikuwa kitu cha kukupatia vigelegele stejini, ni mikopo na marejesho, na benki ilikuwa na misukosuko, mpaka 1990 wakaifunga. Lakini kwa miaka zaidi ya 25 mwenye saluni Harlem alikuwa na mlango wa kugonga. Tajiri mweusi akiniuliza afanye nini na hela zake mimi nitamwambia fungua kitu ambacho mtu wa kwenu anaweza kuingia nacho mkataba, si cha kuja kupokea.

Mswahili_LA:

Hapo kwenye mkataba Bi Likoni tuko pamoja kabisa.

Dada wa Ohio swali moja, baada ya yale matokeo ya hesabu ya 2023 yule LeBron alipunguza mkono au bado yupo?

Mama_Wawili_Ohio:

Yupo. Shule ipo wazi na taasisi imezidi kujenga pembeni yake, kuna nyumba za kupanga kwa familia za wanafunzi ambazo zina shida ya makazi, na kuna House Three Thirty, jengo la zamani ambalo wamelikarabati wazazi na vijana wanafanyia mafunzo ya kazi humohumo. 330 ni namba ya simu ya eneo la Akron. Wale watoto wa kwanza wa shule yenyewe, wa darasa la nne wanamaliza high school 2027, na wale wa darasa la tatu ambao hesabu ziliwashinda wanamaliza 2028. Wakifika nitarudi hapahapa kuwaambia wangapi wameingia chuo.